Unatunga dansi ya peke yako? Wimbo usubiri

Wanafunzi wa dansi hapa Arusha, mkipewa kazi ya kutunga onyesho la mtu mmoja, msikimbilie kuchagua wimbo. Wimbo ukitangulia, mwili unafuata mdundo tu. Tafuta kwanza tendo moja ambalo mwili wako unalijua, kwa mfano kujitwisha ndoo au kupepeta mchele. Lirudie mpaka ulichoke, kisha ligeuze: lifanye polepole mno, lifanye ukiwa umelala, mguu ufanye kazi ya mkono, lianzie mwisho kurudi mwanzo. Hapo ndipo hatua zako mwenyewe zinapozaliwa, na kwa kweli tendo moja linatosha dansi ya dakika tatu.

Jirekodi kwa simu, halafu tazama video bila sauti. Panapochosha macho, pakate, hata kama unapapenda sana.

Mirukio ijaribuni kwenye nyasi; saruji inaumiza magoti na miundi. Na kwa waliotoka pwani: mji huu uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, pumzi inakata mapema. Tengeni ndani ya dansi yenyewe sehemu za kusimama tuli na kuhema.