Entebbe mpaka unakoenda: kupiga hesabu ya umbali na masaa ya ndege mwenyewe

Ndugu zangu mnaosafiri kutoka Entebbe, hii hesabu haihitaji ajenti, simu tu inatosha. Fungua Google Maps, bonyeza uwanja wa ndege kwa muda kidogo, itakupa namba mbili za digrii, ya kwanza ya kaskazini-kusini (alama ya kutoa ni kusini mwa ikweta), ya pili ya mashariki-magharibi. Entebbe ni 0.04 na 32.44, Nairobi ni -1.32 na 36.93. Toa moja kwa nyingine unapata 1.36 na 4.49, kila moja izidishe kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeo cha pili, inakuja kama 4.69, sasa zidisha kwa 111 maana digrii moja ni kilomita 111 hivi. Jibu ni kilomita 520. Basi kutoka Kampala linapiga zaidi ya 600 kwa sababu barabara inazunguka, ndege inanyoosha.

Hii njia inatukubali sisi kwa vile tuko kwenye ikweta. Ukienda mbali, mfano London, digrii za mashariki-magharibi zinabana, kule zinabaki kama kilomita 70, kwa hiyo tumia ile ya kupima umbali iliyomo humo humo kwenye ramani.

Muda sasa. Kwa ndege ya jeti gawanya kilomita kwa 800, halafu ongeza nusu saa ya ndege kutembea chini uwanjani, kupaa na kushuka. Nairobi inatoka saa moja na dakika kumi hivi. Dubai ni kama kilomita 3,730, kwa hiyo masaa matano na dakika kumi. Ukipitia Addis Ababa umbali hauongezeki karibu chochote, mji uko njiani kabisa, kinachokula muda ni kusubiri ndege ya pili.

Lakini watu wengi hawapotelei kwenye kilomita, wanapotelea kwenye saa. Shangazi yangu tiketi yake iliandikwa 03:40, yeye akasoma saa tatu na dakika arobaini asubuhi kama tunavyohesabu nyumbani, akafika Entebbe saa moja asubuhi na begi lake limefungwa kamba ya kijani, ndege ilishaondoka tangu saa tisa na dakika arobaini usiku. Alilia pale kwenye benchi mpaka nikafika, na tiketi ile hatukurudishiwa hata shilingi. Kwa hiyo ukiona 03:40 ongeza sita, ukiona 15:00 toa sita, na uangalie tarehe vizuri, maana 03:40 ya Jumamosi unatoka nyumbani Ijumaa usiku.

Halafu masaa ya nchi. Nairobi na Dar ni sawa na sisi. Kigali, Juba na Johannesburg wako nyuma saa moja, Dubai mbele saa moja. Kigali ni kilomita 340, kama dakika 55 kwa hesabu ile ile, so ukiruka Entebbe 10:00 unatua 9:55 ya kule, usishtuke ukaona tiketi imekosewa, na anayekuja kukupokea mwambie saa ya kwake sio ya kwako.

Mwisho jumlisha ya chini. Kampala mpaka Entebbe ni kama kilomita 40 na jamu ya jioni haina huruma, ile barabara ya kulipia inasaidia sana, na uwanjani uwe umefika masaa matatu kabla. Ndege ya 15:00, yaani saa tisa mchana, mimi mjini natoka saa nne asubuhi.