Somo: kupima heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) kwa NMR (mashine ya sumaku inayoonyesha molekuli kama vilele kwenye grafu), someni kabla ya kuuliza tena

Kila wiki swali ni lile lile: UV (kipimo cha mwanga wa urujuanimno) ya maabara zetu Malindi haitoshi? Haitoshi. Kondroitini iliyozidishiwa salfati (dutu inayofanana na heparini), ile iliyochafua heparini ya 2008 na kuporomosha presha za wagonjwa, UV haiitambui. Nayo huzuia damu kuganda kwa kiasi, ndiyo maana vipimo vya mgando viliipitisha.

1. Chagua kichupa ambacho hakijafunguliwa. Andika namba ya bechi.

2. Vuta ml 1 ya uniti 5,000, takriban mg 28 za heparini. Kausha kwa kugandisha. Yeyusha kwa maji mazito (yenye deuteri, yaani haidrojeni nzito), kausha tena.

3. Yeyusha kwa ml 0.7 ya maji mazito yenye TSP (kemikali ya kuweka alama ya sifuri kwenye grafu).

4. Weka EDTA (kemikali inayoshika metali) kidogo. Hapa ndipo wengi huharibu. Chuma na manganizi hutanua vilele, kalsiamu huvisogeza, nawe unabaki kubishana na karatasi. Lakini tumia EDTA yenye deuteri: ya kawaida ina vilele vyake, na ikishika kalsiamu huota karibu na 2.56 (namba hizi ni ppm, mahali pa kilele kwenye grafu), eneo linalotakiwa kuwa tupu.

5. Pima kwa nyuzi 25. Joto likipanda, kilele cha maji, 4.77, huteleza.

6. Soma: TSP 0.00, heparini 2.04, dermatani (uchafu wa asili wa heparini) 2.08. Kitu kwenye 2.15? Ndipo ile kondroitini huonekana. Zuia bechi yote.

Maswali

*Maweni:* Nina vilele kwenye 7.4, dawa ni feki?

Soma lebo. Pombe ya benzili, kihifadhi.

*Maweni:* Lebo nimetupa.

Basi umepima kitu usichokijua. Rudi hatua ya 1.

*Amu:* Shikamoo mwalimu. Naona 1.92, na kingine 1.18. Tuitupe?

Marahaba. Hapana, dadangu. Cha kwanza ni asetati, cha pili ethanoli. Tafuta mwenzake karibu na 3.65. Ni masalia ya usafishaji. Yana mipaka yake, ila si uchakachuaji. Umeangalia vizuri.

*Mkomani:* Ni kweli hutoka kwenye utumbo wa nguruwe? Wagonjwa wanauliza.

Kweli, nyingi hutoka huko. Enoksaparini, dawa nyingine ya kuzuia mgando, si njia ya kukwepa, hutengenezwa kwa heparini hiyo hiyo. Fondaparinuksi, nayo ya kuzuia mgando, hutengenezwa maabara bila mnyama. Hukumu muulizeni shehe. Daktari naye aulizwe kwanza kuhusu figo, kwa sababu ndizo huitoa fondaparinuksi mwilini, na mgonjwa akivuja damu protamini (dawa ya kuzima heparini) haiizimi.