Somo: Kumfundisha mtoto mwenye disleksia kusoma kwa programu za simu

Somo hili ni la mzazi au mwalimu mwenye simu moja ya Android, bando la kubahatisha, na mtoto mwenye akili zake timamu. Mtoto huyo ukimtuma dukani harudi na chenji pungufu, lakini mpe mistari miwili ya kusoma uone anavyoanza kujikuna kichwa.

Kwanza apimwe macho na masikio kwenye kituo cha afya. Disleksia si ugonjwa wa macho wala uvivu. Ni ugumu wa ubongo kuunganisha sauti na herufi, na mara nyingi hutembea kwenye ukoo. Kwa Kiswahili hujificha, kwa sababu herufi zetu hazibadiliki sauti ovyo. Mtoto anaweza kusoma sahihi lakini polepole mno, kisha kwenye kitenzi kirefu anaona mwanzo na kubuni mwisho: "wanakimbilia" anasoma "wanakimbia". Hakuna programu ya simu inayoweza kuthibitisha kwamba mtoto ana disleksia, hata kama tangazo lake linadai hivyo.

Hatua ya 1: Amua lugha moja. Anza na lugha ambayo mtoto anaota nayo. Kama nyumbani ni Kiswahili, kama ilivyo hapa Uganda kwa familia nyingi za Busia, za kambi za jeshi au za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, anza na Kiswahili. Kiingereza kitafuata. Usichanganye lugha mbili kwenye kikao kimoja.

Hatua ya 2: Chagua programu kwa sikio, si kwa picha. Hapa ndipo wengi wanapoteza miezi. Fungua programu, gusa herufi A, usikilize. Ikisema "ei", hiyo inafundisha majina ya herufi za Kiingereza. Mtoto wetu atakariri "ei, bii, sii", halafu akikutana na "baba" atakwama, maana "bii-ei" haizai "ba" hata umchape. Unataka programu inayosema "a", kisha ba, be, bi, bo, bu. Ukishavuka hapo, jaribu sehemu ngumu: je, inatofautisha "ng" ya ngoma na "ng'" ya ng'ombe? Ina "mb", "nj", "kw", "ny"? Isiyo na hizo itamsaidia kwa muda mfupi tu.

Za kuanzia kuzitafuta: Feed the Monster, ambayo ni ya bure na ina toleo la Kiswahili. Mtoto analisha zimwi herufi kulingana na sauti anayoisikia. Kuna pia Kitkit School na onecourse, zilizogawana ushindi wa Global Learning XPRIZE mwaka 2019 baada ya kujaribiwa kwa Kiswahili vijijini mkoani Tanga, Tanzania. Hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya disleksia, lakini kurudiarudia sauti na silabi bila kugombezwa ndiko mtoto huyu anakokuhitaji.

Iliyozaliwa hasa kwenye utafiti wa disleksia ni GraphoGame, ya Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland. Ilijaribiwa Lusaka kwa Kinyanja na watoto wa darasa la kwanza, na matokeo mazuri zaidi yalionekana pale mwalimu naye alipoucheza mchezo. Kwa hiyo usimpe mtoto simu ukaenda zako kupika. Kaa naye.

Hatua ya 3: Andaa simu. Pakua kila kitu palipo na Wi-Fi, kisha weka hali ya ndege. Bando linapona, na matangazo mengi hayapiti. Bandika skrini ("app pinning" kwenye mipangilio, simu ibaki kwenye programu moja) ili asihamie kwenye video. Tafuta visikizio, hata vya bei ya chini, kwa sababu spika ya simu hula tofauti ya "b" na "p", na hiyo ndiyo tofauti unayoifundisha.

Hatua ya 4: Kikao. Dakika kumi au kumi na tano, kila siku, muda uleule. Saa nzima ya Jumapili haifidii wiki iliyopotea. Kila herufi anayoigusa aitamke kwa sauti. Akikosea mara tatu mfululizo, rudi ngazi ya nyuma bila maneno mengi.

Hatua ya 5: Zima simu, toa karatasi. Watoto ni wajanja. Wanajua kitufe sahihi kiko upande gani, wanapata nyota zote, na hawajasoma kitu. Baada ya mchezo andika kwa mkono silabi zilezile, kwa mpangilio mwingine, asome. Kisha hadithi fupi: African Storybook ina hadithi za bure kwa Kiswahili, Luganda, Lugbarati na nyingine, zilizopangwa kwa ngazi. Anza ngazi ya kwanza hata kama yuko P.4 (darasa la nne). Mara moja kwa wiki mrekodi akisoma ukurasa mmoja, na mwezi ukiisha msikilize pamoja. Nyota za programu mimi sizihesabu kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama, Arua: Salaam aleikum mwalimu. Wangu yuko P.4, shule yote ni Kiingereza. Kiswahili si kitamrudisha nyuma?

Waaleikum salaam mama. Hapana. Akishaelewa kwamba herufi ni sauti, ujuzi huo anauhamishia kwenye lugha nyingine. Ndiyo maana mtaala wetu tangu 2007 unataka P.1 hadi P.3 wafundishwe kwa lugha ya eneo, ingawa shule nyingi za mjini hazifuati. Akisoma silabi bila kusita, ndipo umwingize kwenye Kiingereza, kwa makundi: cat, hat, mat. Maneno kama "though" yasubiri.

Baba, Bugiri: Simu ni moja na naondoka nayo alfajiri.

Basi jioni ukirudi, kabla hujaanza WhatsApp zako. Mchana atumie vifuniko vya soda: andika silabi moja kila kifuniko, apange maneno. Ukimrekodia sauti yako ukitaja maneno, mama yake anaweza kumchezeshea hata kwenye simu ndogo yenye kadi ya kumbukumbu.

Mwalimu wa P.2, Kampala: Kuna mtu anauza miwani ya rangi na fonti maalum za disleksia. Tununue?

Hifadhi pesa, mwalimu mwenzangu. Rangi hazifundishi kusoma, na fonti hizo hazijaonyesha faida ya maana. Kinachosaidia ni bure: ongeza ukubwa wa herufi, acha nafasi zaidi kati ya herufi na kati ya mistari, weka maneno machache kwa ukurasa.

Dada mlezi, Nakivale: Mdogo wangu ana miaka kumi na tatu. Anaona aibu kucheza michezo ya watoto.

Usimlazimishe, dada. Mpe silabi kutoka maneno yake: majina ya wachezaji, mistari ya nyimbo anazozipenda. Kwa masomo mengine asiachwe nyuma kwa sababu ya kusoma: kwenye mipangilio ya simu tafuta sehemu ya kusoma maandishi kwa sauti, uchague Kiswahili, asikilize huku akifuata kwa kidole.

Mzazi, Busia: PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, itakuwaje?

UNEB, bodi ya mitihani ya Uganda, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalum muda wa ziada, dakika 45 kwa kila karatasi, na disleksia inahesabiwa. Lakini shule ndiyo inayoomba, tena wakati wa usajili. Mwone mwalimu mkuu mapema, mtoto akiwa bado P.6, ukiwa na madaftari ya mtoto na zile rekodi za kila wiki. Kwa tathmini rasmi, uliza idara ya elimu ya mahitaji maalum pale Chuo Kikuu cha Kyambogo, Kampala.