Kufuga nyoka wa miti mwenye sumu hafifu: mwongozo wa hatua kwa hatua kutoka Dodoma

Nyoka ninayemfuga, kwa jina la kitaalamu, anaitwa Telescopus semiannulatus. Ana rangi ya chungwa iliyopauka, mabaka meusi mgongoni kuanzia shingoni hadi mkiani, kichwa kipana juu ya shingo nyembamba, na macho makubwa yenye mboni ya wima kama ya paka. Wengi hawazidi sentimita 80, na anayefika mita moja ni mkubwa kwelikweli. Nchi kavu kama yetu ndiyo kwao. Mchana hujificha chini ya magome, kwenye nyufa za majabali na ndani ya mapaa. Usiku hupanda miti na kuta kuwinda mijusi, ndege wadogo na popo.

Sumu anayo, na meno yanayoipitisha yako nyuma kabisa ya taya la juu. Akimng'ata mtu mzima mwenye afya, kwa kawaida huleta maumivu na uvimbe mdogo. Ndiyo maana anaitwa nyoka wa sumu hafifu. Lakini sifa hiyo ni yake yeye, si ya kila nyoka anayekaa mtini, na kuwadharau hao wengine kumewahi kuua hata mabingwa.

Hatua ya 1: Mtambue kabla hujamtamani

Hapa usiende mbio. Kuna nyoka wengine wawili wa mitini ambao nao meno yao ya sumu yako nyuma, na hao wanaua. Wa kwanza ni bumslangi, Dispholidus typus. Wa pili ni Thelotornis, mwembamba, mwenye rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia, akitulia kwenye tawi utadhani ni kijiti kikavu.

Septemba 1957 Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa Jumba la Makumbusho la Field mjini Chicago, aling'atwa na bumslangi mchanga. Hakwenda hospitali, na kesho yake akafariki. Mwaka 1975 Robert Mertens wa Ujerumani alifariki siku 18 baada ya kung'atwa na Thelotornis aliyekuwa akimfuga mwenyewe. Wote wawili walikuwa wamesoma nyoka maisha yao yote. Sumu ya nyoka hao huharibu uwezo wa damu kuganda, na dalili zake huchelewa: mtu anaweza kukaa saa nyingi akijiona mzima huku damu inaharibika ndani.

Basi angalia dalili hizi kwa pamoja, usitegemee moja. Bumslangi ana jicho kubwa mno, mboni ya duara, kichwa kifupi, na kila gamba la mgongoni lina mstari ulioinuka katikati, hivyo ngozi huonekana ya kukwaruza. Rangi haitakusaidia: madume wengi ni ya kijani, majike wengi ni ya kahawia, na watoto ni wa kijivu. Thelotornis ana mboni iliyolala kwa mlalo na kichwa kirefu kilichochongoka. Telescopus ana mboni ya wima, magamba laini, na mabaka yake kwenye rangi ya chungwa. Kumbuka kwamba kifutu naye ana mboni ya wima, japo yeye ni mnene, mfupi na magamba yake yanakwaruza. Ukiwa na shaka hata chembe, mpige picha ukiwa mbali, umwache aende zake.

Hatua ya 2: Kibali

Wanyamapori wa Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inafanya kukamata au kumiliki mnyamapori bila kibali kuwa kosa. Nyoka naye yumo. Nenda ofisi ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, eleza unataka spishi gani, utamtoa wapi na utamweka wapi, kisha subiri jibu kabla hujanunua hata msumari wa kizimba.

Kijana akikuletea nyoka ndani ya chupa ya maji akitaka umpe chochote, usimpe. Ukinunua mmoja, wiki ijayo ataleta watatu, na katika kuwatafuta hao ipo siku atashika bumslangi. Chukua nyoka kutoka kwa mwenye leseni, mwenye karatasi zinazoonyesha asili yake.

Hatua ya 3: Watu wa nyumbani na majirani

Zungumza nao mapema. Kwetu nyoka aliyefichwa ndani ya nyumba ya mtu huzua maneno ya uchawi, na maneno hayo yakishika mtaani huwezi kuyafuta. Mwonyeshe mwenyekiti wa mtaa kibali chako. Mwenye nyumba akikataa, shauri limeisha. Na ikiwa nyumbani kuna mtu mwenye pumu au mzio mkali, ushauri wangu ni usifuge kabisa, kwa sababu sumu iliyo hafifu kwako inaweza isiwe hafifu kwake.

Hatua ya 4: Kizimba

Seremala yeyote mzuri atakitengeneza. Mpe vipimo: upana sentimita 90, kina 45, kimo 90. Huyu ni mpandaji, kwa hiyo kimo ni muhimu. Mbao za pembeni ziwe plaiwudi nene, mbele kioo cha kutelezesha chenye kufuli la ufunguo. Tundu za hewa zizibwe kwa wavu wa chuma wenye macho madogo, ulioshikizwa kutokea ndani. Kisha chukua penseli uipitishe kwenye kila pengo: inapopita penseli, nyoka mchanga naye atapita. Mafundi wengi huacha mwanya pale vioo viwili vinapopishana, na hapo ndipo nyoka wengi hutorokea. Uzibe kwa mpira wa dirisha.

Ndani weka matawi makavu yaliyokazwa yasicheze, vipande viwili vya gome, kimoja juu na kimoja chini, na bakuli zito la maji. Sakafuni tandika karatasi. Haipendezi macho, lakini inakuonyesha kinyesi, damu na utitiri siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Joto na unyevu

Upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi 30, upande wa pili 24 au 25, ili nyoka achague mwenyewe. Usiku joto likishuka hadi 20 halina neno. Tumia balbu ya seramiki isiyotoa mwanga, na uifunike kwa kikapu cha waya, maana nyoka huyu atajizungusha kwenye balbu mpaka aungue. Kidhibiti joto si lazima uagize ng'ambo. Kile wanachotumia watotoleshaji wa vifaranga kwenye mashine zao kinafanya kazi vizuri, ili mradi kihisio chake kikae pale nyoka anapoota joto, si kwenye kona ya mbali.

Sasa hali ya hewa yetu. Juni na Julai usiku wa Dodoma una baridi ya kuuma. Umeme ukikatika, funika kizimba kwa blanketi ukiacha tundu za hewa wazi. Usiku mmoja wa baridi hautamuua. Usiingize jiko la mkaa chumbani, kwa sababu moshi wake usioonekana unakuua wewe na yeye. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ninayoiogopa zaidi. Chumba cha bati kisicho na dari huwa tanuri alasiri, na joto kali huua nyoka haraka kuliko baridi. Kizimba kikae chumba cha ndani chenye dari, mbali na dirisha la magharibi.

Kiangazi kirefu hukausha hewa, na nyoka hushindwa kujivua gamba vizuri. Macho yakianza kuwa na ukungu wa buluu, weka ndani kopo lenye kifuniko, tundu la kuingilia, na kitambaa kilicholowana. Gamba likitoka vipandevipande, kagua macho na ncha ya mkia: kipande kikibaki machoni, lowanisha zaidi, usikibandue kwa kucha.

Hatua ya 6: Chakula

Porini mlo wake mkuu ni mijusi, na hii ndiyo shida ya kila mfugaji. Mijusi kafiri wa ukutani wana minyoo, na wengine wametembea juu ya dawa ya mbu. Lengo lako ni kumhamishia kwenye vitoto vya panya weupe wa kufugwa. Vigandishe kwenye friza, viyeyushe kwenye maji ya uvuguvugu, kausha, kisha sugua kitoto cha panya kwa mjusi aliyekufa ili kichukue harufu. Shikia kwa koleo refu, usiku, taa ikiwa imezimwa. Akikataa, toa, jaribu tena baada ya wiki. Nyoka mzima kukataa chakula wiki kadhaa wakati wa baridi ni jambo la kawaida, mradi hakondi.

Mnyama wa kuliwa asizidi unene wa sehemu pana ya mwili wa nyoka. Mchanga alishwe kila siku 7 hadi 10, mkubwa kila siku 10 hadi 14. Panya wa nyumbani au wa sokoni usimpe kamwe, kwa kuwa huenda amekula sumu ya panya. Akishakula, asiguswe siku mbili.

Hatua ya 7: Kumshika na kumsafishia

Kwa kulabu, si kwa vidole. Akitishwa huinua kifua, hubapaza kichwa na kurusha mdomo wazi, tena zaidi ya mara moja. Mwinue taratibu kwa kulabu, mweke kwenye ndoo yenye kifuniko, safisha, mrudishe. Awepo mtu mzima mwingine ndani ya nyumba. Wageni wamtazame nyuma ya kioo. Watoto wasipewe kumshika hata wakilia. Naipenda sana spishi hii, na kwa sababu hiyo sioni haja ya kumtembeza shingoni.

Ukiona utitiri, usimpulizie dawa ya kuku. Nyingi humdhuru nyoka. Mwone daktari wa mifugo.

Hatua ya 8: Akikung'ata

Meno yake ya nyuma huingiza sumu anapotafuna, hivyo mwondoe mara moja. Vua pete na saa, osha kwa maji na sabuni, tulia. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kukaza. Jiwe la nyoka haliondoi sumu. Uvimbe ukipanda, ukihisi kizunguzungu, pumzi ikabana au damu ikitoka popote, nenda hospitali.

Kama aliyekung'ata ni nyoka wa mitini ambaye humjui kwa hakika, nenda hata kama unajisikia mzima, na uwe na picha yake. Mwombe daktari apime kuganda kwa damu: damu kidogo ndani ya chupa safi kavu ya kioo, ikae dakika 20 bila kutikiswa. Isipoganda, kuna hatari. Dawa ya sumu ya bumslangi ni ya peke yake na hutengenezwa Afrika Kusini. Ile ya mchanganyiko, ya sumu za nyoka wengi, haitibu sumu ya bumslangi. Ya Thelotornis haipo.

Kwa hiyo bandika kadi kwenye kioo cha kizimba: jina la kitaalamu la nyoka, namba ya kibali, simu yako na ya mtu mwingine anayejua pa kukupeleka. Nakala ya pili iwe kwenye pochi yako.