Kabla hujaweka alama ya futa kwenye makala mpya

Nyie mnaopitia makala mpya kwenye Wikipedia ya Kiswahili, naomba mfanye hivi: ukifungua ukurasa mpya usikimbilie kigezo cha kufuta (ule ujumbe ulioandaliwa tayari unaobandikwa kuomba ukurasa ufutwe), bonyeza historia kwanza uone umeanzishwa lini. Kama ni dakika kumi zilizopita huyo mtu bado anaandika, anahifadhi kidogo kidogo maana bando nalo linasumbua, mwache kwanza, rudi baadae. Isipokuwa matusi au maandishi ya kukopi, hayo hayasubiri. Kukopi unakugundua haraka tu, chukua sentensi moja ndefu, iweke kwenye alama za kunukuu alafu isachi Google.

Halafu tafuta kama mada ipo tayari kwa jina lingine, yaani mtu anaandika Misri ya Kale na mwingine anaanzisha Misri ya Zamani, hapo unganisha, usifute kazi ya mtu. Ikiwa fupi ila ina chanzo, weka alama ya mbegu (yaani makala fupi inayohitaji kukuzwa), ongeza jamii (kundi la mada yake), iunganishe na Wikidata, ile hazina ya data inayounganisha makala za mada moja katika lugha mbalimbali. Na mwandishi mgeni muandikie kwenye ukurasa wake wa majadiliano kwa maneno yako mwenyewe, wengi wakikutana na kigezo kikavu tu hawarudi tena.