Kuhama kloku bila glichi: achia kwanza ndo ushike

Wakuu, hii ni kwa wale mnaochezea saketi za dijito kwenye bredibodi, una kloku mbili (mapigo ya umeme yanayoipa saketi hatua), moja ya mbio moja ya polepole, unataka kuhama kutoka hii kwenda ile bila glichi, yaani bila pigo bovu la kuichanganya saketi. Mimi nipo Ngarenaro hapa Arusha, nilikuwa na prosesa ya Z80, ile ya CMOS ambayo haijali kloku ikisimama, nimeiwekea osileta ya 1 MHz na chipu ya taima ya 555 ya kama 1 Hz ili niweze kuiangalia ikitembea hatua kwa hatua. Kila nikigeuza swichi, programu inapotea, inarukia adresi ambayo hata sijaiandika. Wiki nzima nalaumu memori, nimebadilisha mpaka waya, kumbe mchawi ni kale kaswichi.

Iko hivi. Kila mtu anaanza na mutiplekisa ya kawaida, geti mbili za AND na moja ya OR, swichi inachagua kloku ipi ipite, A au B. Sasa ukigeuza swichi kutoka A kwenda B wakati A iko juu (5V) na B iko chini (0V), pigo la A linakatwa katikati, kinaweza kutoka kipande chembamba hata cha nanosekunde chache tu. Ndani ya prosesa kuna flipu-flopu (visaketi vinavyokumbuka 0 au 1 na kubadilika kloku ikipiga), nyingine zinakiona, nyingine hazikioni, nusu ya saketi imeshapiga hatua na nusu iko palepale. Na usijidanganye eti utavizia zote mbili ziwe juu ndo ugeuze, manake invata ya swichi (geti inayogeuza juu kuwa chini) nayo inachelewa kidogo, kuna kamuda geti zote zimefunga na pigo linatoboka.

Akili ilinijia nikiwa mtaa wa Sakina, fundi umeme anafunga changeova (swichi ya kuhama kati ya umeme wa laini na jenereta) kwenye bucha moja. Nikamuuliza, "Fundi, mbona huo mkono unapita katikati kwanza, si ungeenda moja kwa moja?" Akaniangalia, akasema, "Dogo, uachie wa laini ndo ushike wa jenereta, ukishika vyote umeua mtu." Basi na kloku ni hivyohivyo, ila tunaongeza sharti moja: A inaachia ikiwa chini tu, B inashika ikiwa chini tu, na B haigusi kitu mpaka ione A imeachia.

Vifaa: 74HC74 mbili (kila moja ina flipu-flopu mbili), 74HC08 moja (AND), 74HC32 moja (OR), 74HC04 moja (invata). Chipu ya kwanza ya 74HC74 ni ya A, ya pili ni ya B, na zinafungwa sawasawa, kwa hiyo naelezea ya A tu. Kloku A inaingia mguu wa 3, halafu hiyohiyo A ikipitia invata inaingia mguu wa 11. Mguu wa 5 unaenda wa 12. Mguu wa 9 na kloku A vinaingia kwenye geti ya AND, hiyo ndo njia ya kutokea ya A. Miguu ya 4 na 10 peleka 5V, ya 1 na 13 unganisha pamoja kwenye riseti (rezista ya 10k kwenda 5V, kapasita ya 100 nF kwenda graundi, na kitufe cha kushusha graundi). Bado mguu wa 2, na hapa ndo watu wanakosea: unapata AND ya vitu viwili, swichi inayosema "nataka A" na mguu wa 8 wa chipu ya B. Mguu wa 8 ni tokeo la flipu-flopu ya pili (Q) lililogeuzwa, yaani B inasema "mimi nimeachia". Upande wa B vilevile, ila swichi ipitie invata kwanza, na mguu wake wa 2 usikilize mguu wa 8 wa A. Njia mbili za kutokea zikutane kwenye OR, umemaliza. Kila chipu ipe kapasita yake ya 100 nF karibu na miguu ya umeme, na invata zilizobaki ingizo zake peleka graundi, usiziache zinaning'inia.

Flipu-flopu ya kwanza ipo kwa sababu swichi na kloku hazijuani, inaweza kunasa katikati ya mabadiliko ikabaki inayumba, ile nusu ya mzunguko mpaka ya pili isome ndo muda wake wa kutulia. Ya pili inabadilika kloku ikishuka, na kwa vile wakati huo A iko chini, geti ya AND haitoi kitu hata ukiifungua au kuifunga.

Kupima huhitaji oskiloskopu. Toa kloku zote, weka vitufe viwili vilivyotulizwa (waya wa mkono unarukaruka, utakudanganya) na LED kwenye tokeo. Ukiwa kwenye A, shikilia A juu, geuza swichi: LED isizime. Shusha A, izime. Pandisha A tena, iwake, shusha, izime, sasa A imeachia. Pandisha B, kimya. Shusha. Pandisha tena, LED iwake. Ikiwaka pigo la kwanza la B, ukague kama geti ya AND ya B imechukua mguu wa 9, si wa 5.

Ukiwa na 555 ya 1 Hz kuhama kunaweza kuchukua sekunde moja na nusu, saketi haijafa, inasubiri tu. Kwa upande wa mbio, kwenye bredibodi usipeleke 74HC 16 MHz, nusu ya mzunguko ni 31 ns na invata pamoja na flipu-flopu zinaila karibu yote. Ukiwa na FPGA (chipu unayoipanga saketi ya ndani mwenyewe) ya Xilinx achana na mageti kabisa, ndani yake ipo sehemu ya tayari inaitwa BUFGMUX kwa kazi hiyohiyo.

Ugonjwa mmoja ambao saketi hii haijitibu: kloku unayoihama ikifa kabla hujahama, haipandi wala haishuki, kwa hiyo haiachii na utageuza swichi mpaka jioni. Hapo bonyeza riseti, flipu-flopu zote zinafutwa bila kungoja kloku, na ile iliyo hai inashika.