Unga wa muhogo mchungu, utoe sumu kabla hujasonga ugali

Jamani, kama kipindi hiki cha njaa mnakula muhogo mchungu asubuhi na jioni bila kitoweo cha maana, someni hii. Sayanaidi, yaani ile sumu ya muhogo, ikikuta mwili hauna protini ya kutosha inaharibu mishipa ya fahamu, miguu inakakamaa ghafla na hairudi tena, ndo konzo hiyo, iliwapata watu Tarime mwaka 1985 na Congo bado ipo, watoto na akina mama ndo wanaumia zaidi.

Mimina unga kwenye beseni, usawazishe, piga alama ndani pale ulipofikia, halafu ongeza maji kidogokidogo huku unakoroga, utaona unashuka kwanza, usishtuke, endelea mpaka upande tena kwenye ile alama. Tandaza kwenye mkeka, unene usizidi sentimita 1, juani masaa 2 au kivulini masaa 5, sumu inatoka na hewa. Songa siku hiyohiyo maana unga ulolowa unachacha.

Na tafadhali, tafuteni hata dagaa kidogo au yai. Mtoto akianza kujikwaakwaa, hospitali haraka.